Mwelekeo wa Mistari ya Uwele Dodoma: Mteremko Kabla ya Jua

Utafiti unaotajwa sana kuhusu mwelekeo wa mistari ya nafaka ulifanyika Australia Magharibi na kuchapishwa mwaka 2010. Ngano iliyopandwa mashariki–magharibi iliizidi kimavuno ya kaskazini–kusini kwa takriban asilimia 24, shayiri kwa asilimia 26, kwa kuwa kivuli cha mazao kiliangukia ujia ulio baina ya mistari na kudhoofisha magugu. Matokeo hayo siyatilii shaka. Ninachopinga ni kuyahamishia kwetu bila kulihamisha jua lililoyazaa.

Kule nafaka hulimwa majira ya baridi. Karibu na nyuzi 31 kusini, jua la adhuhuri mwezi Juni huinamia kaskazini hata mmea ukatupa kivuli kirefu kuliko kimo chake. Dodoma iko nyuzi 6 kusini. Mwanzoni mwa Machi, uwele uliopandwa Desemba ukiwa unajaza punje, jua la adhuhuri hupita utosini na kivuli huishia shinani. Mistari ikilazwa mashariki–magharibi, jua hilo hufuata ujia kutwa nzima na mwanga mwingi huangukia udongo mtupu. Kwa hesabu ya mwanga peke yake, basi, kaskazini–kusini ingefaa zaidi, maana majani hupokea jua la asubuhi na la jioni ubavuni. Ni kinyume cha ushauri wa Australia.

Lakini Dodoma haikupungukiwa na mwanga. Imepungukiwa na maji. Mvua ya mwaka ni kama milimita 550 hadi 600, na sehemu kubwa hunyesha kwa vishindo kati ya Desemba na Aprili, juu ya udongo unaofunga ukoko upesi. Mistari inayoshuka na mteremko hugeuka mifereji: maji huondoka, samadi na udongo wa juu vikiyafuata. Inayokata mteremko huyazuia yakazama. Uwele ni mstahimilivu wa ukame, ila ukikosa maji wakati wa kuchanua punje hupungua, hata jani lipate mwanga kiasi gani. Makorongo ya Kondoa, yaliyoifanya serikali ianzishe mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973 na kuondoa mifugo mwaka 1979, ni ushahidi mchungu wa maji yaliyoachwa yakimbie.

Kukata mteremko kwa kukisia nako kuna hatari. Tuta lisilo sawa hukusanya maji mahali pamoja, likapasuka na kuyabomoa yaliyo chini yake. Miti mitatu iliyofungwa kwa umbo la herufi A, na jiwe linaloning'inia kwa kamba, yatosha kupima usawa.

Kwenye tambarare hoja ya jua inarudi, na hapo kaskazini–kusini ipewe nafasi. Majaribio yajayo yafanyike pia kwenye miteremko ya wakulima wenyewe, na unyevu wa udongo upimwe sambamba na uzito wa punje.