Kichakataji na Kichoraji: Historia ya Majina Mawili Yapasayo Kwenda Pamoja

Utangulizi

Istilahi huweza kuwa sahihi ikisimama peke yake, na hata hivyo ikampotosha msomaji kwa sababu imetenganishwa na mwenzake. Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo hilo kwa kutumia mfano wa sehemu mbili za kompyuta: ile inayokokotoa na ile inayochora. Tutafuata historia ya vifaa hivyo na ya majina yake, kisha tutaonyesha jinsi uwiano baina yao unavyoamua mwendo wa michezo ya video. Mifano ya mazingira tumeichukua wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kwa kuwa huko kuna kazi na njia zinazolieleza jambo hili vizuri kuliko maneno mengi ya kigeni.

Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza: michezo ya video inamhusu nini mwalimu, mfasiri au mtumishi wa umma? Jibu ni kwamba kifaa kile kile kinachochora mchezo ndicho kinachochora ramani ya viwanja, ramani ya jengo la zahanati na picha za somo la jiografia. Anayeandika sifa za kompyuta za kununuliwa kwa fedha za umma, pamoja na anayezifasiri sifa hizo, wanahitaji majina yasiyoficha ukweli. Jina likificha ukweli, fedha hupotea.

Jina la mashine yenyewe

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka miwili baadaye, mwaka 1967, Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria. Lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini, ila kwa kibali maalumu, na amri hiyo ilikuja kulegezwa baadaye. Kwa hiyo, katika miaka ambayo istilahi za elimu, sheria na utawala zilikuwa zikisanifiwa kwa bidii kubwa, mashine hii haikuwapo machoni pa wananchi walio wengi. Kitu kisichoonekana hakikosi jina tu. Hukosa pia watu wa kulijaribu jina hilo katika kazi.

Ndiyo maana majina yalipotolewa yalikuwa mengi. Wako waliopendekeza ngamizi. Wengine waliunganisha tarakimu na akili wakapata tarakilishi, neno lililokubalika zaidi nchini Kenya. Tanzania, kompyuta ndilo lililoshinda. Ng'ambo ya mto Kagera, mtu anayevuka Rusumo kutoka Ngara kuingia Rwanda hukutana na mudasobwa, maana yake ile isiyokosea. Tukiyatazama majina haya tunaona kwamba tarakilishi linasifu akili ya mashine, na mudasobwa linasifu usahihi wake. Yote mawili yanaitazama mashine kama kitu kimoja. Hakuna linalodokeza kwamba ndani yake kuna wafanyakazi zaidi ya mmoja.

Kutoka bongo kuu hadi kichakataji

Kwa ile sehemu inayokokotoa, wako walioiita bongo kuu. Ni jina linaloeleweka upesi, hasa kwa mwanafunzi. Ubaya wake ni kwamba linamfanya msomaji aamini kuwa ukipata bongo zuri umepata kila kitu, kama ambavyo mwili wote huongozwa na ubongo.

Jina la pili, kichakataji, lina historia inayostahili kukumbukwa. Kitenzi chakata kilijulikana sana katika mashamba ya mkonge, ambako kuchakata ni kuyasaga majani ili nyuzi zibaki. Kutoka mkonge neno lilipanuka likafika kwenye mazao mengine, kisha likafika kwenye data. Maana yake ya msingi haikupotea: malighafi huingia upande mmoja, na kitu chenye manufaa hutoka upande wa pili. Jina hili linataja kazi, wala halitaji cheo. Kwa sababu hiyo tunaliona bora kuliko bongo kuu.

Jinsi kazi ilivyogawanyika

Jina la mashine moja yenye bongo moja halikuwa kosa hapo mwanzo. Katika kompyuta nyingi za awali, kichakataji ndicho kilichofanya karibu kila jambo. Mchezo wa Doom, uliotolewa Marekani mwaka 1993, ulichora kuta, milango na maadui wake kwa nguvu za kichakataji peke yake. Kadi iliyokuwamo ilikuwa na kazi ndogo ya kuipeleka picha kwenye skrini.

Mgawanyo wa kazi ulikuja kwa hatua. Mwaka 1996 kampuni ya 3dfx ilitoa kadi iitwayo Voodoo Graphics. Kadi hiyo ilichora maumbo yenye urefu, upana na kina tu, hata mtumiaji akalazimika kuwa na kadi nyingine kwa maandishi na picha za kawaida. Mwaka 1999 kampuni ya NVIDIA ilitoa GeForce 256, ambayo ilichukua pia hesabu za kuyageuza maumbo na kuyatia mwanga, hesabu ambazo kabla ya hapo zilifanywa na kichakataji. Kuanzia hapo kadi ilikuwa na kichakataji chake yenyewe kilichobobea katika kuchora. Mwaka 2007 kampuni hiyo hiyo ilifungua njia ya kukitumia kifaa hicho katika hesabu zisizo za picha kabisa, na leo sehemu kubwa ya kazi za akili unde hufanywa na vifaa vya aina hiyo.

Kwa Kiswahili wengi husema kadi ya picha au kadi ya michoro. Majina haya yanafaa kwa ubao mzima unaochomekwa ndani ya kompyuta. Hayafai kwa kile kidude kilichomo juu ya ubao kinachofanya kazi yenyewe. Ziko kompyuta nyingi, hasa za kubebwa na za ofisini, zisizo na kadi yoyote. Sehemu ya kuchora imo ndani ya kichakataji, nayo huazima nafasi katika kumbukumbu ya mashine. Mfasiri atakayeandika kwamba kompyuta hiyo haina kadi ya michoro atakuwa amesema kweli, na msomaji atadhani kwamba mashine haichori. Kwa hiyo tunapendekeza neno kichoraji kwa kifaa chenyewe, na kadi ya michoro ibaki kuwa jina la ubao. Kichakataji na kichoraji ni maneno ya ngeli moja na yenye umbo moja. Anayesikia la kwanza huelekea kuliuliza la pili.

Mhunzi na mvukutaji

Ngeli tuliyoitaja hivi punde ni neno ambalo Kiswahili kimelipata kutoka Kihaya, lugha ya mkoa huo huo wa Kagera. Nasi tubaki mkoani humo kwa mfano wetu. Nchi ya Wazinza, ambayo sehemu yake imo wilayani Biharamulo, ilisifika zamani kwa uhunzi. Mafundi wa chuma wa huko, hasa Warongo, walifua majembe yaliyofika hadi Usukumani.

Katika uhunzi mmoja huvukuta na mwingine hufua. Mvukutaji akiwa mlegevu, chuma hupoa na mhunzi husimama na nyundo mkononi, hata awe hodari namna gani. Mhunzi akiwa mzito, moto hupamba na mkaa huungua bure. Idadi ya majembe yatakayopatikana jioni haiamuliwi na aliye hodari kuliko mwenzake. Huamuliwa na aliye nyuma.

Ndivyo ilivyo katika mchezo wa video. Kichakataji huamua adui yuko wapi, mpira umegonga nini na mchezaji amebonyeza kitufe gani. Kisha humwagizia kichoraji mambo ya kuchora. Kichoraji hupaka nukta zote za skrini. Picha hizo hupita upesi, moja baada ya nyingine, na jicho huona mwendo. Ili mchezo uonyeshe picha 60 kwa sekunde, kila picha iwe tayari katika muda wa milisekunde 16.7 hivi, na sekunde moja ina milisekunde 1,000.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kichakataji kinatayarisha maagizo ya picha moja kwa milisekunde 10, na kichoraji kinaichora kwa milisekunde 20. Kwa kuwa wote wawili hufanya kazi kwa wakati mmoja, kimoja kikitayarisha picha ijayo huku kingine kikichora iliyopo, mwendo utafuata kilicho polepole: picha 50 kwa sekunde. Mwenye mashine akinunua kichoraji kinachochora kwa milisekunde 8, mwendo utapanda hadi picha 100, kwa sababu sasa kichakataji ndicho kilicho nyuma. Akiongeza fedha na kununua kichoraji cha milisekunde 4, mwendo utabaki picha 100 zile zile. Fedha za mara ya pili zimeungua kama mkaa wa mhunzi mzito.

Iko njia rahisi ya kumtambua aliye nyuma. Skrini yenye nukta 1,920 kwa 1,080 ina nukta 2,073,600. Yenye nukta 1,280 kwa 720 ina nukta 921,600 tu. Mchezaji akipunguza nukta kwa namna hiyo, kazi ya kichoraji hupungua kwa zaidi ya nusu, lakini ya kichakataji karibu haibadiliki. Mwendo ukipanda, kichoraji ndicho kilichokuwa nyuma. Usipopanda, lawama ni ya kichakataji. Ikumbukwe pia kwamba jibu hutegemea mchezo: wenye majeshi ya maelfu hukichosha kichakataji, na wenye mandhari ya misitu na maji hukichosha kichoraji. Hakuna jozi iliyo bora kwa michezo yote.

Vijana wanaocheza katika vibanda vya gemu mijini hawajakutana sana na tatizo hili, na sababu yake inaeleweka. Mashine kama PlayStation 2, iliyotolewa mwaka 2000, ilikwisha kulinganishwa na kiwanda chenyewe: kichakataji chake na kichoraji chake vilibuniwa viende pamoja, na watunzi wa michezo waliandika wakivijua. Anayenunua au kuunda kompyuta mwenyewe ndiye anayebeba mzigo wa kulinganisha.

Daraja jembamba

Limebaki jina la yule aliye nyuma. Wako wanaofasiri neno kwa neno na kuandika shingo ya chupa. Tafsiri hiyo haina mizizi katika Kiswahili, na msomaji asiyejua Kiingereza ataishia kuitafuta chupa. Wengine huandika kikwazo. Hili ni neno letu, lakini kikwazo humsimamisha mtu, na mashine tunayoizungumzia haikusimama, imecheleweshwa tu.

Wenyeji wa wilaya zetu mbili wanalifahamu jambo hili kwa miguu yao. Barabara itokayo Lusahunga, wilayani Biharamulo, hupita Ngara hadi Rusumo, nayo hubeba malori yaendayo Rwanda. Kwa miaka mingi daraja la zamani la Rusumo lilikuwa jembamba, magari yasiweze kupishana juu yake. Kuitengeneza barabara tu kusingeliongeza idadi ya malori yanayovuka kwa saa moja; kungeliongeza foleni tu. Daraja jipya, lililofunguliwa rasmi mwezi Aprili 2016, ndilo lililoondoa wembamba ule. Kwa kufuata maana hiyo, tunapendekeza kichelewesho, kutokana na kitenzi chelewesha: sehemu ambayo kwa upole wake huamua mwendo wa kazi nzima.

Vilevile yafaa tutenganishe uoanifu na ulinganifu. Kadi ya michoro huweza kuwa oanifu na kompyuta, yaani ikaingia mahali pake, ikapata umeme wa kutosha na ikafanya kazi, na bado isilingane na kichakataji kilichopo. Uoanifu hujibu swali, je, vitafanya kazi pamoja? Ulinganifu hujibu swali, je, kimoja hakitamsubirisha mwenzake? Hati inayodai la kwanza peke yake hailindi fedha za mnunuzi.

Hitimisho

Tumeona kwamba majina ya awali yalitolewa wakati mashine ilipoonekana kuwa kitu kimoja chenye bongo moja, na kwamba kazi iligawanyika baadaye, hasa kati ya mwaka 1996 na 1999. Istilahi zetu hazikufuata mgawanyo huo kwa kasi ile ile. Twapendekeza basi kwamba kichakataji na kichoraji vifundishwe pamoja, viandikwe pamoja katika orodha za istilahi na vitajwe pamoja katika hati za ununuzi. Kadi ya michoro ibaki jina la ubao. Na kichelewesho, uoanifu na ulinganifu vipewe kila kimoja mpaka wake.

Walimu wa Ngara, Biharamulo na kwingineko watakaoyajaribu maneno haya darasani ndio watakaotuambia kama yanafaa. Jembe hujulikana ubora wake shambani, wala si kiwandani kwa mhunzi.