Moroni: Mtoni au Motoni?

Msafiri aingiaye bandari ya Moroni, katika kisiwa cha Ngazija, huona kwanza msikiti wa kale wa Ijumaa, wenye kuta nyeupe, ukingoni mwa bahari. Asili yake hutajwa kuwa mwaka 1427. Nyuma ya mji wainuka mlima Karthala, wa meta 2,361, ambao moto wake haujazimika. Mawe meusi ya pwani ni mmiminiko wake wa zamani.

Jina la mji lataka kuangaliwa. T ya Kiswahili mara nyingi huwa R katika Kingazija: -tatu ni -raru, mto ni mro, na moto ni moro. Kwa hiyo wako wasemao Moroni ni “motoni”, nao humwonyesha mgeni mlima. Lakini wenyeji hutamka Mroni, yaani “mtoni”; na yafaa kufuata kinywa cha wenyeji kuliko herufi za ramani.

Walakini Ngazija haina mto wa kudumu. Mvua hunywewa upesi na mawe yenye vitundu, hata watu wameizoea desturi ya kuyakinga maji katika mabirika. Mwaka 2005 majivu ya Karthala yaliyachafua maji hayo, kiu ikawa kubwa.

Basi mwalimu afundishaye asili ya majina asitosheke na sauti peke yake. Jina ni shahidi mmoja. Nchi yenyewe ni shahidi wa pili, na wote wawili yapasa wasikilizwe.