Mvutano wa Vyama vya Marekani Kuhusu Kichocheo cha Uchumi (2008–2021)

Mvutano wa vyama kuhusu kichocheo cha uchumi ni mabishano ya kisiasa ya muda mrefu nchini Marekani kati ya chama cha Democratic na chama cha Republican. Kinachobishaniwa ni kama serikali kuu ikope na kutumia fedha nyingi uchumi unapoporomoka, na fedha hizo zipite mikononi mwa nani. Mabishano haya yalianza wakati wa Mdororo Mkuu wa miaka ya 1930. Sura yake ya leo ilijengeka mwanzoni mwa mwaka 2009, Bunge la nchi hiyo lilipojadili Sheria ya Kufufua Uchumi na Kuwekeza. Rais Barack Obama aliitia saini mjini Denver, jimbo la Colorado, tarehe 17 Februari mwaka huo. Gharama yake ilikadiriwa kuwa dola bilioni 787, na baadaye Ofisi ya Bajeti ya Bunge ikapandisha makadirio hadi zaidi ya bilioni 800.

Hoja za kiuchumi

Msingi wa kichocheo ni nadharia ya mwanauchumi Mwingereza John Maynard Keynes, aliyoieleza kwa ukamilifu mwaka 1936. Watu wakiogopa kesho, hubana matumizi. Biashara zikikosa wateja huachisha wafanyakazi, na waliokosa kazi hubana zaidi. Keynes aliona kwamba hali hiyo inaweza kudumu miaka mingi bila kujirekebisha, hivyo serikali, ambayo ndiyo pekee yenye uwezo wa kukopa wakati wote wengine wameingiwa na hofu, inapaswa kununua kile ambacho wananchi wameacha kununua. Dola moja iliyolipwa kwa fundi wa barabara hutumiwa tena dukani, na mwenye duka naye huitumia kwingine. Wanauchumi hukiita kiasi cha ongezeko hilo kizidishi.

Wapinzani hawakuwa watu wa kubeza. Robert Barro wa Chuo Kikuu cha Harvard alishikilia kwamba kizidishi wakati wa amani ni kidogo, kwa sababu kila kinachokopwa leo kitalipwa kwa kodi kesho, na wananchi wanaolijua hilo huanza kuweka akiba mapema. John Taylor wa Stanford alichunguza fedha zilizotumwa kwa majimbo na kudai kwamba sehemu kubwa ilipunguza tu mikopo ya majimbo hayo badala ya kuongeza ununuzi. Mwezi Januari 2009 taasisi ya Cato ilichapisha tangazo la ukurasa mzima magazetini likiwa na majina ya zaidi ya wanauchumi 200 waliopinga mpango huo, wakiwemo washindi wa Tuzo ya Nobel.

Jambo moja lilizipa uzito hoja za upande wa kwanza. Dawa ya kawaida ya mdororo ni kushusha riba, na Benki Kuu ya Marekani ilikuwa imeshaishusha hadi karibu na sifuri mwezi Desemba 2008. Ajira karibu 800,000 zilipotea mwezi Januari 2009 peke yake, na riba haikuwa na pa kushuka tena.

Kura za mwaka 2009

Mwaka mmoja tu kabla, mambo yalikuwa tofauti kabisa. Mwezi Februari 2008 Rais George W. Bush, wa chama cha Republican, alitia saini kichocheo cha zaidi ya dola bilioni 150, chenye malipo ya hadi dola 600 kwa mtu mmoja na 1,200 kwa wanandoa. Baraza la Wawakilishi lilikipitisha kwa kura 380 dhidi ya 34, na Seneti kwa 81 dhidi ya 16. Waliokipatanisha barazani walikuwa Spika Nancy Pelosi wa Democratic na John Boehner, kiongozi wa Warepublican. Boehner huyohuyo aliongoza upinzani mwaka uliofuata.

Obama alikwenda bungeni kuzungumza na wabunge wa Republican tarehe 27 Januari 2009. Kesho yake Baraza lilipiga kura 244 dhidi ya 188, na hakuna Mrepublican hata mmoja aliyeunga mkono. Kura ya mwisho, tarehe 13 Februari, ilikuwa 246 dhidi ya 183, tena bila Mrepublican. Boehner aliuchukua muswada wenye kurasa zaidi ya 1,000 na kuubwaga sakafuni, akilalamika kwamba hakuna mbunge aliyepata nafasi ya kuusoma. Lalamiko hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, maana toleo la mwisho lilikuwa limetolewa usiku wa kuamkia siku hiyo.

Katika Seneti zilihitajika kura 60. Warepublican watatu walikubali: Susan Collins na Olympia Snowe wa Maine, na Arlen Specter wa Pennsylvania. Bei ya kura zao ilikuwa kubwa. Jumla ilipunguzwa, fungu maalumu la ujenzi wa shule likaondolewa, na Specter akapata takriban dola bilioni 10 za utafiti wa tiba. Kura ya 60 ilipigwa usiku na Seneta Sherrod Brown wa Ohio, aliyesafirishwa kwa ndege kutoka kwenye msiba wa mama yake, akapiga kura na kurudi msibani. Miezi miwili baadaye Specter alihamia chama cha Democratic. Kwa Warepublican waliobaki, fundisho lilikuwa wazi kwamba anayeshirikiana na rais wa chama pinzani hana tena makazi chamani.

Yaliyomo na namna yalivyoonekana

Zaidi ya theluthi moja ya sheria hiyo ilikuwa punguzo la kodi, jambo ambalo Warepublican ndio waliolitetea siku zote. Ndani yake mlikuwa na takriban dola bilioni 70 za kurekebisha kodi moja ya zamani, marekebisho ambayo Bunge lilizoea kuyapitisha na ambayo hayakuongeza nguvu mpya katika uchumi. Fungu jingine kubwa lilikwenda kwa majimbo. Karibu yote yanabanwa na sheria zake kutokuwa na nakisi, hivyo mapato yanapoanguka hulazimika kufukuza walimu na polisi wakati uleule ambapo kazi ni adimu. Fedha za Medicaid, bima ya afya ya watu wa kipato cha chini, zilipita njia hiyo. Barabara, nyaya za umeme, intaneti ya vijijini, reli na nishati ya jua vilipata sehemu ndogo kuliko wananchi walivyodhani.

Punguzo kuu la kodi, hadi dola 400 kwa mfanyakazi na 800 kwa wanandoa, halikutolewa kwa hundi. Lilipitishwa kidogokidogo katika makato ya mshahara. Sababu ilikuwa ya kitaalamu: mtu akipata fedha nyingi kwa mkupuo huweka benki au hulipa madeni, lakini dola chache kila juma huisha sokoni. Kiuchumi hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Kisiasa iliwaumiza walioibuni, kwani kura za maoni zilionyesha kwamba Wamarekani wengi hawakujua kabisa kama kodi yao imepunguzwa. Serikali iliyowapa nafuu watu wengi hivyo haikuambulia shukrani, na wapinzani wake waliendelea kuiita sheria hiyo ya ubadhirifu mtupu.

Ahadi ya asilimia 8

Kosa kubwa zaidi la upande wa Obama lilikuwa mchoro mmoja. Januari 2009, kabla ya kuapishwa kwake, washauri Christina Romer na Jared Bernstein walitoa ripoti yenye mchoro uliokadiria kwamba mpango ukipita, ukosefu wa ajira hautazidi sana asilimia 8, na usipopita utafika karibu asilimia 9. Mwezi sheria ilipotiwa saini, kiwango kilikuwa tayari 8.3. Oktoba kikafika 10. Warepublican walikuwa na silaha iliyotengenezwa na wapinzani wao wenyewe, na waliitumia katika kila uchaguzi hadi 2012.

Kilichotokea ni kwamba shimo lilikuwa refu kuliko takwimu za wakati huo zilivyoonyesha. Januari 2009 serikali ilitangaza kwamba pato la taifa katika miezi mitatu ya mwisho ya 2008 lilianguka kwa kasi ya asilimia 3.8 kwa mwaka. Marekebisho ya baadaye yaliiweka kasi hiyo juu ya asilimia 8. Paul Krugman, mshindi wa Nobel na mtetezi mkali wa kichocheo, alikuwa ameonya mapema kwamba kiasi kilichopangwa ni kidogo mno. Hata hivyo, sheria ilisaidia. Ofisi ya Bajeti ya Bunge, isiyofungamana na chama, ilikadiria kwamba katika robo ya tatu ya 2010 sheria iliwaweka kazini watu kati ya milioni 1.4 na milioni 3.6 ambao vinginevyo wasingekuwa na kazi. Lakini mpiga kura aliiona asilimia 10, hakuiona hali ambayo ingekuwapo bila sheria. Novemba 2010 Warepublican waliongeza viti 63 katika Baraza la Wawakilishi.

Magavana na reli

Ugomvi ulishuka hadi majimboni. Mark Sanford, gavana wa South Carolina, alikataa sehemu ya fedha hadi Mahakama ya Juu ya jimbo ilipomwamuru azipokee mwezi Juni 2009. Baada ya uchaguzi wa 2010, magavana wapya wa Wisconsin, Ohio na Florida walirudisha fedha za reli, Florida peke yake ikirudisha zaidi ya dola bilioni 2. Walisema reli hizo zingewaachia walipa kodi mzigo wa uendeshaji. Upande wa pili, kampuni ya paneli za jua ya Solyndra, iliyopewa dhamana ya mkopo wa dola milioni 535, ilifilisika mwaka 2011 na kuwa jina la kila hotuba ya upinzani.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, Kenya inatoa ulinganisho wa mwaka uleule. Programu yake ya kuchochea uchumi, ya takriban shilingi bilioni 22, ilitangazwa na Waziri wa Fedha Uhuru Kenyatta katika bajeti ya Juni 2009. Serikali ilikuwa ya mseto, na miradi ya masoko, shule na mabwawa ya samaki iligawanywa kwa majimbo ya uchaguzi, kwa hiyo wabunge wa pande zote walikuwa na sababu ya kuiunga mkono. Malalamiko yalikuja baadaye, yakihusu masoko yaliyokwama kabla ya kukamilika.

Kutoka 2017 hadi 2021

Desemba 2017, chini ya Rais Donald Trump, Warepublican waliokuwa wakilia juu ya deni la taifa walipitisha punguzo la kodi lililokadiriwa kugharimu takriban dola trilioni 1.5 katika miaka kumi, bila kura hata moja ya Democratic. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia, sheria ya trilioni 2.2 ilipita katika Seneti kwa kura 96 bila ya kupinga, Machi 2020. Kiasi hicho ni zaidi ya maradufu ya kile cha 2009. Mwaka mmoja baadaye Joe Biden alileta mpango wa trilioni 1.9, ukapita Seneti kwa 50 dhidi ya 49 bila Mrepublican yeyote. Msimamo wa Warepublican kuhusu nakisi, basi, ulibadilika kila alipobadilika rais.

Haimaanishi kwamba wapinzani wa 2021 walikosea. Safari hii hata Larry Summers, aliyekuwa mshauri mkuu wa Obama mwaka 2009, alionya kwamba fedha ni nyingi kupita kiasi. Mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1 mwezi Juni 2022, wa juu kuliko wowote kwa miaka 40. Vita vya Ukraine na mkwamo wa usafirishaji vilichangia, lakini watafiti wa tawi la Benki Kuu la San Francisco waliona kwamba misaada ya serikali nayo ilikuwa na sehemu yake. Wademokrati walikuwa wamejifunza fundisho la 2009 kwa bidii iliyopitiliza.

Hata hivyo, ndani ya mpango huo kulikuwa na malipo ya watoto ya hadi dola 3,600 kwa mwaka, yaliyosaidia kushusha umaskini wa watoto hadi asilimia 5.2 mwaka 2021. Yalipokaribia ukomo, Warepublican walisimama pamoja kuyapinga, na Seneta mmoja wa Democratic, Joe Manchin wa West Virginia, akanyima kura ya 50. Malipo yalikoma Desemba 2021, na mwaka 2022 umaskini wa watoto ulipanda hadi asilimia 12.4.