Meseji zetu zilibaki wapi? Historia fupi ya ujumbe, laini na simu, kutoka Bugarama

Zamu ya kuandika imetufikia sisi wa upande wa Bugarama. Mlisema mnataka historia, na pengine mlitegemea tuandike juu ya vita au juu ya mipaka. Sisi tumechagua meseji za simu. Someni kwanza mpaka mwisho, halafu mtuambie kama hiyo siyo historia.

Tumeichagua kwa sababu kila mara tunapokaa na watu wanaochaji simu, kuna swali moja linarudi. Mtu amebadilisha simu. Alikuwa na Nokia sasa ana Tecno, au alikuwa na Tecno sasa ndugu yake wa Marekani amemtumia iPhone. Anatoa laini, ile tunayoiita puce sisi tuliotoka Kongo, anaiweka kwenye simu mpya. Namba zingine anaziona. Meseji, hakuna hata moja. Anauliza: "Puce ni ileile, namba ni ileile, sasa meseji zangu zimeenda wapi?" Wengine wanafikiri wameibiwa. Wengine wanafikiri kampuni ya simu imezificha na mtu akilipa zitarudi. Jibu lake ni refu kidogo, na linaanza kabla ya simu zenyewe.

Kwa wasioijua Bugarama: ni bonde la joto kusini kabisa mwa wilaya ya Rusizi, mahali pa mashamba ya mpunga. Upande mmoja kuna mto Rusizi, ukivuka uko Kamanyola, Kongo. Upande mwingine kuna mto Ruhwa, ukivuka uko Burundi. Kiswahili kinasikika sokoni kila siku. Na simu yako ukiwa karibu na mto inaweza kukukaribisha nchi nyingine wakati umeketi tu hapa Rwanda. Ndiyo maana watu wa hapa wana laini mbili, tatu, na wengi wamebadilisha simu mara nyingi kuliko walivyobadilisha nyumba. Au tuseme walivyobadilisha kambi.

WAKATI WA KARATASI

Kambi ya Kiziba kule Karongi ilifunguliwa mwaka 1996. Gihembe ilifuata mwaka 1997. Wazee walioingia huko hawakuwa na simu mfukoni, kwa maana MTN ilianza kazi Rwanda mwaka 1998. Ukitaka kujua kama mama yuko hai ulikuwa na njia chache: kumuuliza anayesafiri, kusikiliza redio, au karatasi ya Msalaba Mwekundu.

Hiyo karatasi wazee wetu wengi wanaikumbuka. Ni fomu ya kuandika habari za familia tu, haina siasa, haina habari za askari, na inasomwa kabla ya kupelekwa ili iweze kupita mipaka. Baada ya 1994 na vita vilivyofuata Kongo, karatasi kama hizo zilizunguka kwa wingi sana katika nchi hizi za Maziwa Makuu. Zilichelewa, kweli. Lakini ilipofika mkononi, ilikuwa yako. Haikuuliza una simu ya aina gani. Aliyeihifadhi kwenye nailoni pamoja na karatasi za kambi anaweza kuisoma hata leo.

Linganisheni na sisi. Kuna kijana ana meseji ya mwaka juzi tu, na hawezi kuisoma tena.

SIMU YA TOCHI

Meseji ya kwanza ya simu duniani ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ikiwa salamu ya Krismasi. Urefu wa herufi 160 ulikuwa umeshafikiriwa miaka ya 1980 na mafundi wa Ulaya, wakiongozwa na Mjerumani Friedhelm Hillebrand. Kwetu hapa meseji zilienea baadaye, miaka ya 2000. Vodacom ilianza Kongo mwaka 2002. Mwaka 2003 Nokia ikatoa ile 1100 yenye tochi, ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na hakuna mtu wa hapa ambaye familia yake haikuwahi kuigusa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana jibu la nusu liko hapa. Kadi ya laini ina nafasi ndogo ya kuhifadhi vitu. Zamani simu ilikuuliza: niweke meseji kwenye kadi au kwenye simu? Kadi ilibeba chache tu, pengine kumi, pengine ishirini. Ikijaa, simu inapiga kelele, unafuta za zamani ili mpya ziingie. Kwa hiyo kweli kuna wakati meseji zilikuwa zinatembea na puce. Wazazi wetu walizoea hivyo, na sisi tukarithi mazoea hayo.

Lakini zile nyingi zilikaa ndani ya simu yenyewe. Nokia ilikuwa na programu yake ya kompyuta ya kutunza nakala, ila hiyo ilikuwa ya Nokia. Ukienda Samsung, Samsung haijui lugha hiyo. Tayari wakati ule kila kampuni ilijenga ghala lake na ufunguo wake. Watu hawakulia sana kwa sababu meseji zilikuwa chache na simu moja ilikaa miaka mingi.

Waliovuka kuja Cyangugu mwaka 2004 baada ya mapigano ya Bukavu, na ambao baadhi yao walifika Nyabiheke ilipofunguliwa 2005, walikuwa wachache wenye simu. Waliofika Kigeme mwaka 2012 wakati wa M23 ya kwanza, wengi walikuja na simu mfukoni. Katika miaka hiyo michache kumbukumbu za wakimbizi zilihama kutoka karatasi zikaingia ndani ya simu.

SIMU KUBWA NA MAGHALA YALIYOFUNGWA

Simu ya kugusa ilipokuja, meseji hazikuwekwa tena kwenye kadi. Zinaandikwa kwenye faili moja ndani ya simu. Puce inabeba namba yako ili mtandao ukutambue, basi. Ukiihamisha, umehamisha jina lako tu, kabati lako limebaki kule.

Na ile kampuni ya simu je? Kazi yake ni kupitisha. Simu yako ikiwa imezimwa, kituo chao kinaishikilia meseji mpaka uwashe au muda wake uishe. Ikishakufikia, kwao kazi imekwisha. Kwa hiyo mtu akikuambia mpe pesa akurudishie meseji zako za zamani kutoka kwenye mnara, huyo anataka kula pesa yako.

Android inaweza kuweka nakala ya meseji kwenye akaunti ya Google, na Android nyingine ikazipokea inapoanzishwa mara ya kwanza. Ni vizuri. Lakini angalieni maisha yetu: simu nyingi tunanunua za okazyo, zimeshaanzishwa na mtu mwingine. Au muuzaji ndiye anakufungulia akaunti pale dukani, anaweka neno la siri analolijua yeye, na wewe unaondoka umefurahi. Siku simu ikianguka mtoni, nakala yako ipo, ila kwa jina usilolijua na neno la siri usilolijua.

KESI YA IPHONE

Mwezi Oktoba 2011 Apple walileta iMessage. Mtu wa iPhone akimwandikia mtu wa iPhone, ujumbe haupiti tena njia ya kampuni ya simu, unapita kwenye mashine za Apple kwa intaneti. Shida ilitokea pale mtu alipotoa laini yake kwenye iPhone akaiweka kwenye simu ya aina nyingine. Mashine za Apple ziliendelea kuamini kwamba namba hiyo bado iko kwenye iPhone. Rafiki mwenye iPhone anaandika, ujumbe unaondoka, na mwenyewe haupati. Hakuna anayeambiwa kitu.

Mwezi Mei 2014 mwanamke mmoja wa California aliwashtaki Apple kwa jambo hilohilo. Novemba mwaka huo Apple wakaweka ukurasa wa kujiondoa: unaandika namba yako, unapokea alama za siri, unathibitisha. Mwaka 2015 mahakama ilikataa kesi hiyo isiendelee kwa niaba ya watu wote, kwa sababu ni vigumu kuonyesha nani hasa alipoteza ujumbe. Fikirieni hapo. Utathibitishaje kwamba umekosa kitu ambacho hukujua kama kilitumwa?

Mtasema hayo ni ya Wamarekani. Hapana. Kuanzia 2012 wakimbizi wengi wa Kongo walipewa makazi mapya, na wengi wao walienda Marekani, wakiwemo majirani zetu wa Kiziba na Gihembe. Kule wengi wanatumia iPhone. Wanatuma iPhone ya zamani kwa mdogo wao, mdogo anaitumia miezi sita, skrini inapasuka, anarudi kwenye Tecno. Dada yake anaandika, hajibiwi. Dada anasema: mdogo wangu amekuwa na kiburi. Mdogo anasema: dada amenisahau tangu afike Ulaya na Amerika. Tumesuluhisha ugomvi wa namna hii, na kumbe hakuna aliyemkosea mwenzake.

WhatsApp nayo ina historia yake. Kwa miaka mingi nakala ya Android ilienda Google, ya iPhone ilienda iCloud, na hapakuwa na daraja. Mwaka 2021 ndipo walifungua njia ya kutoka iPhone kwenda Samsung kwanza, na Juni 2022 wakafungua ya kutoka Android kwenda iPhone. Kabla ya hapo, ukibadilisha upande, sauti za wazazi ulizotumiwa unaziacha.

KUPOTEZWA NA KUJIPOTEZA

Siyo kila meseji imepotea kwa ajili ya simu. Tarehe 3 Desemba 2011, baada ya uchaguzi, serikali ya Kongo ilizima meseji nchi nzima kwa zaidi ya wiki tatu. Viziwi wa Kinshasa walilalamika, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa simu yao. Tarehe 31 Desemba 2018 intaneti na meseji zikazimwa tena karibu siku ishirini.

Na kuna zile tunazofuta wenyewe. Wenzetu mnajua. Kabla ya kizuizi, mtu anafungua simu, anafuta picha, anafuta majina, anafuta kundi zima, kwa sababu askari anaweza kuomba simu na kusoma. Wengine wamefika Bugarama na simu nyeupe kabisa, kama imetoka dukani. Huyo hajapoteza meseji kwa ujinga. Amenunua maisha yake nazo. Kwa hiyo hatuwezi kusema tu "hifadhini kila kitu". Kuna wakati kuhifadhi ni hatari.

Lakini bei yake ni kubwa. Ndani ya meseji zile kulikuwa na tarehe ya kukimbia, jina la kijiji mlipolala, namba ya mjomba aliyebaki Luvungi, risiti ya pesa uliyotumiwa, siku ya mahojiano yako. Ukiulizwa ofisini "ilikuwa tarehe ngapi?", wewe unakumbuka mvua na kelele, tarehe ilikuwa kwenye simu.

TUNASHAURI NINI

Kwa vijana wenzetu: kabla hujauza au kubadilisha simu, kaa nayo nusu saa. Meseji muhimu zipige picha ya skrini, jitumie kwenye barua pepe yako mwenyewe. Namba za familia ziandike kwenye daftari, kwa kalamu, na uweke kwenye nailoni kama wazee. Akaunti ya Google ifungue wewe, neno la siri likae kichwani mwako, siyo kwa muuzaji. Unatoka iPhone? Zima iMessage kwenye mipangilio kabla ya kutoa laini. Kama umeshatoa, tumia ule ukurasa wa Apple. Na ile simu ya zamani usiifute mpaka uone meseji zimefika kwenye mpya. Ujumbe ukiwa ni hatari kuubeba, mtumie mtu unayemwamini aliye mbali, kisha ufute.

Kwa ndugu zetu wa mashirika: mkituma siku ya mahojiano kwa meseji peke yake, wako watakaoikosa na siyo kwa uzembe. Bandikeni na kwenye ubao pia. Mtu akisema "nilikuwa nayo, simu imebadilika", msimhesabu mwongo haraka. Na tafadhali msimwombe atume ushahidi wake kwenye simu yenu binafsi. Nayo itabadilishwa siku moja.

Tunawaomba sasa na ninyi: waulizeni wazazi wenu kama bado wana karatasi moja ya Msalaba Mwekundu, au Nokia ya zamani kwenye sanduku. Ichajini, muone kama inawaka. Mkikuta kitu ndani, kinakilini kwanza kwenye daftari, ndipo mtuandikie.

Ni sisi, wenzenu wa kujitolea, Bugarama.