Gome la Amani: Kwinini na Malaria katika Milima ya Usambara

Mabishano kuhusu mitishamba na dawa za hospitali, ambayo hufufuka Afrika Mashariki kila maradhi yanaposumbua, huzichukulia tiba hizo mbili kana kwamba hazijawahi kukutana. Historia ya Amani, katika Usambara ya Mashariki juu ya mji wa Muheza, inautilia shaka mgawanyo huo, kwa kuwa dawa iliyotegemewa kwa muda mrefu dhidi ya malaria kali ilikuwa gome la mti uliopandwa huko, nayo iliaminika kadiri watu walivyoweza kujua kila kidonge kimebeba dawa kiasi gani.

Mti huo, yaani sinkona, asili yake ni miteremko ya milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, na gome lake lilifika Ulaya katika karne ya 17, hasa kwa mikono ya mapadre Wajesuti. (Kisa cha mke wa gavana aliyepona homa kwa gome hilo, kinachorudiwa katika vitabu vingi, hakina ushahidi.) Kwa karibu miaka 200 waganga wa Ulaya walilisaga na kulinywesha katika divai bila kujua nguvu yake, kwa sababu aina za sinkona hutofautiana sana na gome la mti mmoja laweza kuwa karibu tupu. Mwaka 1820 Pelletier na Caventou, wanakemia wa Ufaransa, walitenga kwinini, ambayo ni alkaloidi, yaani kemikali chungu inayotengenezwa na mmea wenyewe. Mnamo 1865 Waholanzi walinunua mbegu bora kutoka kwa Mwingereza Charles Ledger na kuzipanda Java, iliyokuja kutawala soko la dunia. Aliyezitafuta mbegu hizo porini alikuwa mtumishi wake, Manuel Incra Mamani, ambaye baadaye alifungwa, akapigwa na kufa kwa kosa la kukusanya mbegu. Jina lake halikuandikwa kwenye chupa yoyote ya dawa.

Wajerumani walipoanzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe huko Amani mwaka 1902, sinkona ilikuwa miongoni mwa mimea mingi waliyoijaribu pamoja na kahawa na mpira, kwa kuwa koloni lililoshindwa na homa lisingeleta faida. Daktari Robert Koch, aliyefika katika koloni hilo mwishoni mwa karne ya 19, alipendekeza damu za watu zichunguzwe kwa hadubini na walioonekana kuwa na vimelea wapewe kwinini, hata wale wasioumwa, na mbinu hiyo ilijaribiwa Dar es Salaam kuanzia 1901. Koch huyohuyo alidai kwamba homa ya mkojo mweusi, iliyowaua Wazungu wengi, ililetwa na kwinini yenyewe. Hoja yake ilipingwa vikali, ingawa utafiti wa baadaye uliuhusisha ugonjwa huo na unywaji wa kwinini usio na mpangilio kwa wagonjwa wa malaria ya mara kwa mara. Dawa hiyo haikuwahi kuwa nyepesi mwilini: masikio huvuma, kichwa huzunguka, na sukari ya damu yaweza kushuka kwa kiwango cha hatari.

Thamani ya miti ya Amani ilidhihirika katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipoifunga bahari na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, likakosa dawa kutoka Ulaya. Gome la Usambara lilipelekwa kutengenezwa vidonge, na baada ya Amani kutekwa mwaka 1916 askari waliorudi nyuma kuelekea kusini walichemsha magome yaliyobaki na kunywa maji yake, kinywaji kichungu walichokiita kwa utani pombe ya Lettow. Jeshi la kisasa, kwa maneno mengine, lilirudi kwenye chungu cha mganga, pamoja na udhaifu wake wote wa kutojua kipimo. Wapagazi Waafrika, waliobeba mizigo ya pande zote mbili na kufa kwa makumi ya maelfu, hasa kwa maradhi na njaa, walikuwa wa mwisho kufikiriwa dawa ilipogawanywa.

Japani ilipoiteka Java mwaka 1942 uhaba ulirudi duniani kote na sinkona ya Afrika ikatafutwa tena, lakini baada ya vita klorokwini, dawa ya maabara iliyo rahisi na nafuu, iliisukuma kwinini kando, nayo ikabaki kwa malaria kali na dripu za wodini. Utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga nchini Kenya, na majengo ya Amani yakachukuliwa na taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliingizwa katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ya Tanzania. Kilima kilichopandwa dawa kikawa mahali pa kuchunguza mbu.

Vimelea viliizoea klorokwini. Tanzania iliiacha mwaka 2001 na kuchukua SP, yaani mchanganyiko wa sulfadoksini na pirimethamini, na kufikia mwanzo wa 2007 ilikuwa imehamia dawa ya mseto, inayounganisha lumefantrini na dawa ya jamii ya artemisini. Artemisini nayo imetoka kwenye mmea, pakanga ya China, ambayo tabibu Ge Hong wa karne ya 4 aliagiza iloweshwe katika maji na kukamuliwa, bila kuchemshwa. Mwanasayansi Tu Youyou, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alisoma maelekezo hayo akashuku kwamba moto ndio ulioharibu dawa, hivyo katika miaka ya mwanzo ya 1970 akaitoa kwa etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo.

Dawa hizo mbili za mimea, kwinini na ile ya jamii ya artemisini, zilikutanishwa kwa jaribio, miongoni mwa mahali pengine, katika Hospitali Teule ya Muheza, chini kabisa ya kilima cha Amani. Ni eneo ambalo familia nyingi zilikuwa zikiona degedege la mtoto kuwa jambo la mganga kwanza, hospitali baadaye, hivyo wengi walifikishwa wodini wakiwa hoi. Jaribio hilo, lililofanyika kati ya 2005 na 2010 katika nchi 9 za Afrika, liliwagawa kwa kura watoto 5,425 wenye malaria kali, nusu wakapewa kwinini na nusu artesuneti, dawa ya sindano itokanayo na artemisini. Kati ya waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, na kati ya wale wa artesuneti asilimia 8.5. Kwa mgonjwa mmoja tofauti hiyo haionekani kwa macho, na hakuna daktari wala mganga ambaye angeigundua kwa kukumbuka tu waliopona mikononi mwake. Ilihitaji maelfu ya watoto na kura isiyopendelea.

Kwa mantiki hiyohiyo Shirika la Afya Duniani halikubali chai ya pakanga, ambayo watu kadhaa huikuza bustanini wakiamini kuwa ni kinga ya asili: artemisini haiyeyuki vizuri katika maji, kiasi chake hubadilika kutoka jani hadi jani, na dozi pungufu huwapa vimelea nafasi ya kuzoea. Usugu wa kiasi dhidi ya artemisini umekwisha kuthibitishwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera nchini Tanzania, ingawa hautokani na chai hiyo. Kwinini haijafutwa kwenye miongozo ya tiba: kwa malaria kali huanza artesuneti, ikikosekana hufuata artemetha, ya jamii hiyohiyo, kisha kwinini, ambayo gome la mti wake bado huvunwa mashambani Kivu na kusindikwa Bukavu.