Kufuli la Sheria na Kufuli la Hesabu: Historia Fupi ya Upekuzi wa Simu nchini Marekani, 2014–2018

Makala haya yanajadili jinsi data za simu zilivyopata kinga dhidi ya upekuzi wa polisi nchini Marekani. Hoja yetu ni kwamba kinga hiyo ilitokana na makufuli mawili, la sheria na la hesabu, na kwamba kuyachanganya kunapotosha mjadala wa sera.

Kufuli la kwanza liliwekwa na Mahakama ya Juu tarehe 25 Juni 2014, katika kesi ya Riley dhidi ya California. Tangu uamuzi wa Robinson wa mwaka 1973, uliohusu dawa za kulevya zilizofichwa katika pakiti ya sigara, polisi waliruhusiwa kupekua bila hati vitu alivyokutwa navyo mtu aliyekamatwa. Serikali ilitaka simu ihesabiwe miongoni mwa vitu hivyo. Majaji wote tisa walikataa, kwa kuwa simu huhifadhi picha, barua na nyendo za miaka mingi. Polisi wangeweza kuishikilia, lakini kusoma yaliyomo kulihitaji hati, isipokuwa pakiwa na dharura.

Kufuli la pili lilikuja Septemba mwaka huohuo, Apple ilipotoa mfumo wa iOS 8. Sehemu kubwa ya data ilisimbwa kwa ufunguo unaotegemea nywila ya mwenye simu pamoja na namba ya siri iliyomo ndani ya kifaa. Kampuni ikatangaza kuwa haiwezi tena kuifungua simu ya namna hiyo, hata ikiamriwa. Kufuli la sheria hufunguliwa na hakimu. Kufuli la hesabu halimtambui hakimu.

Tofauti hiyo ilidhihirika San Bernardino, ambako watu 14 waliuawa tarehe 2 Desemba 2015. FBI ilikuwa na simu ya mshambuliaji mmoja, ilikuwa na hati, na mwajiri aliyeimiliki simu hiyo aliridhia. Kilichokosekana ni nywila, na simu ingeweza kujifuta baada ya majaribio 10 yaliyokosewa. Tarehe 16 Februari 2016 hakimu, akitegemea sheria ya mwaka 1789, aliiamuru Apple iandike programu ya kuondoa kizuizi hicho. Apple ilipinga. Mwezi Machi serikali iliondoa ombi lake baada ya kusaidiwa na upande wa tatu, na swali la kisheria likabaki bila jibu. Julai 2018, iOS 11.4.1 iliziba mwanya mwingine: simu isipofunguliwa kwa saa moja, mlango wa kebo huacha kupitisha data.

Funzo kwa Afrika Mashariki ni la kisheria na la kiistilahi. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 na Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania zinalinda makazi na mawasiliano ya mtu. Simu imekuwa yote mawili. Hata hivyo, kauli ya kawaida ya "kuchukua simu" haitenganishi kuishikilia na kuipekua, na mwananchi anayeombwa nywila huenda asijue ameridhia lipi. Tunapendekeza miongozo ya polisi iandikwe kwa Kiswahili kinachotenganisha vitendo vitatu: kushikilia kifaa, kukifungua, na kupekua yaliyomo. Ridhaa isiyojua jina la inachokiridhia si ridhaa.