Nyongeza za Hiari katika Nyumba Mpya: Yanayopaswa Kuamuliwa Kabla ya Lipu

Mwananchi anayenunua nyumba ambayo bado inajengwa huwekewa mezani karatasi mbili. Ya kwanza ni mkataba wa mauziano. Ya pili, ambayo mara nyingi husomwa kwa haraka, ni orodha ya nyongeza za hiari: marumaru za daraja la juu, kabati za jikoni, viyoyozi, tenki la maji, hita ya maji ya kuogea, uzio na mengine yasiyomo katika bei ya msingi. Uamuzi unaofanywa juu ya karatasi hiyo ya pili ndio unaotofautisha nyumba itakayokaliwa kwa utulivu na ile itakayovunjwa kuta zake mwaka mmoja baada ya kukabidhiwa.

Ununuzi wa nyumba kabla haijakamilika si jambo geni tena nchini. Shirika la Nyumba la Taifa (NHC), lililoanzishwa mwaka 1962, limeuza nyumba za mradi wa Samia Housing Scheme, Kawe jijini Dar es Salaam, zikiwa katika hatua za ujenzi, na waendelezaji milki binafsi nao huuza kwa njia hiyo hiyo. Utaratibu wa nyongeza hutofautiana. Wapo wanaouza nyumba iliyokamilika kila kitu bila kumpa mnunuzi nafasi ya kuchagua, wapo wanaouza nyumba isiyofanyiwa umaliziaji ili mnunuzi ajimalizie, na wapo wanaotoa kiwango cha msingi pamoja na orodha ya maboresho yenye bei zake. Mwongozo huu unawahusu hasa wanunuzi wa kundi hilo la mwisho.

Tahadhari ya kwanza inahusu nyumba ya mfano. Nyumba hiyo hupambwa ili ivutie, na baadhi ya vitu vinavyoonekana ndani yake huwa ni nyongeza zinazolipiwa. Mnunuzi anashauriwa kuitembelea akiwa na jedwali la umaliziaji mkononi, kisha aulize chumba kwa chumba ni kipi kimo katika bei ya msingi na kipi hakimo. Swali hilo haliudhi mtu, na jibu lake litolewe kwa maandishi.

Kigezo kinachopaswa kutangulia vingine vyote ni gharama ya kufanya jambo hilo baadaye. Kitu kinachopita ndani ya ukuta, chini ya sakafu au juu ya dari huongezwa kwa bei nafuu kabla ya lipu, na kwa bei kubwa baada yake, kwa sababu fundi atalazimika kuchimba ukuta, kupitisha bomba, kupiga lipu upya na kupaka rangi chumba kizima. Kitu kinachotundikwa, kubandikwa au kuwekwa juu ya kilichopo kinaweza kusubiri. Hata hivyo, wanunuzi wengi hufanya kinyume: hutumia alasiri nzima wakijadili rangi ya marumaru, na dakika tano kuhesabu soketi.

Umeme ndio unaostahili muda mwingi zaidi. Kuongeza soketi mbili jikoni wakati mabomba ya nyaya yanalazwa ni kazi ndogo. Kuziongeza baadaye ni kubomoa, au kuishi na nyaya za kurefusha zinazotambaa sakafuni. Mnunuzi ajiulize jokofu litakaa wapi, mashine ya kufulia itakaa wapi, pampu ya maji itafungwa wapi, kisha kila kimoja akipatie soketi yake mahali pake. Jiko la umeme lenye sahani na tanuri huhitaji njia yake ya pekee kutoka kwenye kisanduku cha vikata umeme, kwa kawaida ikiwa na waya wa milimita 6 za mraba, ilhali soketi za kawaida hufungwa kwa waya wa milimita 2.5 za mraba. Kuchomeka jiko kubwa kwenye waya mwembamba ni kukaribisha moto. Waya wa kupeleka umeme ardhini na kikata umeme kinachozima pale umeme unapovuja ni mambo ya usalama. Ikiwa vimeorodheshwa kama nyongeza, mnunuzi ana haki ya kuuliza kwa nini havimo katika kiwango cha msingi. Kazi yote ya umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa kutokana na Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, uliozinduliwa Mei 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Nyumba inayojengwa leo itakuwa bado inapikiwa mwaka huo. Presha ya umeme inaweza kutumia soketi ya kawaida iliyofungwa vizuri, lakini anayekusudia kutumia gesi afikirie mtungi utakaa wapi. Nafasi ya nje yenye kivuli na kufuli, pamoja na bomba linalopenya ukutani hadi kwenye jiko, ni nyongeza ndogo wakati wa ujenzi. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini, hivyo jiko linalotumia mtungi wa ndani linahitaji tundu la hewa karibu na sakafu, mbali na dirisha la juu.

Anayefikiria kufunga umemejua hapo baadaye hana sababu ya kununua paneli na betri pamoja na nyumba. Kinachofaa kulipiwa mapema ni bomba tupu la nyaya kutoka paani hadi karibu na kisanduku cha umeme, pamoja na kutenganisha njia ya taa na ile ya vifaa vizito, ili siku mfumo utakapofungwa, taa na jokofu viendelee kufanya kazi wakati umeme wa TANESCO umekatika. Vivyo hivyo kwa viyoyozi. Kifaa chenyewe kinaweza kununuliwa mwaka wowote, lakini njia yake ya umeme, tundu la ukutani na bomba la kutoa maji yanayodondoka vinapaswa kuwepo tangu mwanzo. Bomba hilo likisahaulika, maji humwagikia ukutani, na doa lake hujitokeza msimu mmoja tu baadaye.

Maji nayo yana hesabu yake. Tenki la lita 2,000 likijaa hubeba tani mbili za maji, bila kuhesabu uzito wa tenki lenyewe. Mzigo huo hauwezi kupandishwa juu ya paa au zege ambalo halikusanifiwa kuubeba. Kwa hiyo nyongeza ya tenki iamuliwe wakati mhandisi bado ana michoro mkononi, au mnara wake ujengwe pembeni ukiwa na msingi wake. Katika maeneo ambayo mgao wa maji ni wa kawaida, tenki la chini lenye pampu pamoja na dogo la juu ni mpangilio unaofaa zaidi kuliko tenki moja kubwa. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na maeneo mengine ya pwani, hewa ya chumvi hula chuma haraka, na visima vingi hutoa maji ya chumvi. Huko, fedha inayotengwa kwa koki za kung'aa itumike kwanza kwenye mabomba ya plastiki yenye ubora, bawaba zisizoshika kutu na magrili yaliyopakwa rangi ya kuzuia kutu kabla hayajafungwa.

Dawa ya mchwa chini ya sakafu ni nyongeza isiyoonekana na isiyosifiwa na mgeni yeyote, lakini haina nafasi ya pili, kwani hunyunyiziwa kabla ya zege kumwagwa. Ndivyo ilivyo pia kwa kizuizi cha unyevu kwenye msingi na kwa tabaka la kuzuia maji chini ya marumaru za bafuni. Katika ghorofa, bafu lisilo na tabaka hilo huvujisha maji kwenye dari ya jirani wa chini, na ugomvi huanza kabla ya fundi kufika.

Kaya inayoishi na mzazi mzee au mtu mwenye ulemavu ina orodha yake. Milango yenye upana wa kutosha kiti cha magurudumu, bafu lisilo na kizingiti, mteremko badala ya ngazi mlangoni, na ukuta ulioimarishwa pembeni mwa choo ili kishikio kifungwe na kubeba uzito wa mtu: yote haya ni rahisi kwenye mchoro na ni magumu kwenye nyumba iliyokamilika. Katika nyumba hiyo, marumaru zinazong'aa hazifai barazani wala bafuni, kwa sababu huteleza zikilowa.

Marumaru kwa ujumla ziko katikati. Kuzibadilisha baadaye ni usumbufu, hivyo mwenye uwezo anaweza kulipia daraja bora kwa sebule na njia zinazopitiwa sana, na kuacha kiwango cha msingi vyumbani. Aombe pia kubakiziwa boksi moja au mawili, kwa sababu rangi ya toleo jipya la kiwandani mara nyingi hailingani na ya zamani. Taa za mapambo, mapazia, kabati za nguo, rangi maalumu ya ukuta na bustani vyote vinaweza kusubiri, na fundi wa mtaani huenda akavifanya kwa bei ya chini kuliko ya orodha. Kabati za jikoni zilizotengenezwa kwa mbao za unga hufura zikipata maji, hivyo anayelipia kabati aulize zimetengenezwa kwa nini hasa chini ya sinki.

Upande wa fedha unahitaji utulivu. Nyongeza ikiingizwa katika mkopo wa nyumba huonekana ndogo kwa mwezi, lakini hulipwa kwa muda mrefu. Kwa mfano wa hesabu tu, nyongeza ya shilingi milioni 10 iliyokopwa kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 15 hulipwa takribani shilingi 140,000 kila mwezi, na hadi mkopo kwisha mnunuzi atakuwa ametoa takribani shilingi milioni 25.2. Bomba la maji ndani ya ukuta litakuwa bado linafanya kazi siku ya rejesho la mwisho. Kiyoyozi huenda kikawa kimebadilishwa. Aidha, benki hukopesha kwa kuzingatia thamani iliyotolewa na mthamini, na si kila nyongeza huongeza thamani hiyo kwa kiasi kilichotumika. Pengo likitokea, mnunuzi hulijaza kwa fedha zake mwenyewe.

Bei ya kila nyongeza ioneshe kama inajumuisha Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Kwa orodha kubwa, ada ya mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi (AQRB) inaweza kurudi mara kadhaa kwa kugundua bei zilizopandishwa.

Makubaliano ya nyongeza yawe kiambatisho cha mkataba, yakitaja aina, kipimo, idadi, mahali, bei, tarehe ya mwisho ya kubadili uamuzi na athari ya mabadiliko hayo kwa tarehe ya kukabidhiwa nyumba. Ahadi ya mdomo ya msimamizi wa eneo la ujenzi haimfungi mwendelezaji kirahisi. Malipo yafanywe kwenye akaunti iliyotajwa ndani ya mkataba au, kwa taasisi za umma, kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa Serikali, na kila malipo yapewe risiti. Mnunuzi asimkabidhi fundi fedha taslimu ili amwongezee soketi kimyakimya, kwa kuwa kazi hiyo haitakuwa na mdhamini na inaweza kumharibia haki ya kudai marekebisho.

Kwa wanunuzi wa sehemu katika majengo ya ghorofa, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo Na. 16 ya mwaka 2008 hutenganisha sehemu binafsi na maeneo ya pamoja. Kuta za nje, paa na korido si mali ya mtu mmoja. Nyongeza inayogusa maeneo hayo, kama vile kufunga kiyoyozi kwenye ukuta wa mbele au kuziba baraza kwa vioo, inahitaji ridhaa ya wamiliki wenzake hata kama mnunuzi ameilipia.

Siku ya makabidhiano, kiambatisho hicho ndicho cha kushikwa mkononi. Kila soketi ijaribiwe kwa kifaa, kila koki ifunguliwe, maji yamwagwe sakafuni mwa bafu kuona kama yanaelekea kwenye tundu la kutolea maji, na boksi za marumaru zihesabiwe. Kisichokuwepo au kilichofungwa vibaya kiandikwe na kusainiwa na pande zote mbili kabla ya funguo kupokelewa, kisha mnunuzi athibitishe katika mkataba urefu wa kipindi cha matazamio na kama nyongeza alizolipia nazo zimo ndani ya kipindi hicho.